Saa moja ya jeti-ski Dubai: nilichokilipia ni mwongozaji

Kwa miaka sita jengo la Burj Al Arab, ile hoteli ya kifahari, nimeliona kupitia dirisha la basi. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya Deira, na siku za mapumziko nikishuka ufuoni Umm Suqeim nalikuta limesimama kwenye kisiwa chake cha kutengenezwa, mita 280 kutoka nchi kavu, na daraja lenye walinzi. Asiye na nafasi iliyowekwa havuki. Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja kunitembelea Januari kutoka Mombasa, nikamwambia twende tukalione kwa upande usio na geti, upande wa bahari.

Tulikodi jeti-ski, yaani pikipiki ya majini, moja ya watu wawili kwa saa nzima, na mwongozaji akiwa kwenye yake. Bei tuliyoonyeshwa kwenye simu ilikuwa dirham 420. Kaunta wakaongeza kodi ya VAT asilimia 5, ikawa 441, kisha kamera ya kufungwa mbele ya usukani dirham 80. Jumla 521. Kwangu mimi hiyo ni zaidi ya siku nne za mshahara, na wengi wetu tunaofanya kazi huku tuko hivyo hivyo, ndiyo maana naeleza kwa urefu. Jina la kampuni siliandiki. Bandarini pale kampuni zimepangana meza kwa meza, mashine zinafanana, jaketi za kuelea zinafanana, na tofauti niliyoiona mimi haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya mtu.

Pa kuanzia ni bandari ya wavuvi ya Umm Suqeim. Kutoka Deira tulipanda metro ya mstari mwekundu hadi Mall of the Emirates, kisha teksi. Fikeni mapema, si kwa ajili ya kampuni, bali kwa ajili ya bandari yenyewe. Kando ya boti za faiba kuna madema ya waya yamepandana juu kuliko mtu, ya duara kama chungu kilichofunikwa, mlango wake umeingia ndani ili samaki akishapita asione pa kutokea. Huku wanayaita gargoor. Mdogo wangu akasimama akayashika, akasema, "Dada, hii si dema la babu?" Ni lile lile, ila la nyumbani husukwa kwa fito. Nilifurahi sana kwamba safari yetu ilianzia hapo kabla ya kuanzia kwenye kaunta.

Kaunta walitaka kitambulisho changu cha Emirates na pasipoti ya mdogo wangu, tukatia sahihi karatasi, basi. Hawakutuuliza kama tunajua kuogelea. Swali hilo aliuliza mwongozaji, na lilikuwa la kwanza kutoka kinywani mwake baada ya salamu. Ni kijana wa Uganda, mzaliwa wa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, na Kiswahili chake ni cha kuokota lakini kinatosha. Nikamwambia mdogo wangu anaogelea, mimi najua kuelea tu. Akanivua jaketi nililopewa kaunta, akaniletea dogo zaidi, akakaza mikanda yote mitatu, kisha akalishika mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Lile la kwanza lingepanda hadi masikioni kama ningeanguka. Hili halikusogea.

Dada zangu, hapa niseme la mavazi, kwa sababu mimi nililitafuta sana kabla ya kwenda nisipate wa kunieleza. Buibui haifai, na sababu si aibu wala mtindo. Jeti-ski haina panga la kuzunguka nje kama mashine ya boti. Chini ya tumbo lake kuna mdomo unaovuta maji kwa pampu na kuyatupa nyuma kwa kishindo. Kitambaa kinachoning'inia, mtandio, hata nywele ndefu zilizofunguliwa, vikiwa karibu na ule mdomo vinavutwa pamoja na maji. Nilivaa burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, yenye suruali, kofia yake ya kubana, na juu yake suruali nzito ya kuogelea. Hiyo suruali nayo ina sababu: mtu akiangukia nyuma, yale maji yanayotoka kwa pampu yana nguvu ya kumuumiza sehemu za ndani za mwili. Kibandiko kilichopo kwenye mashine kinaonya jambo hilo hilo kwa picha. Watalii waliotutangulia walikuwa na chupi za kuogelea tu, na hakuna aliyewaambia neno.

Somo la mwongozaji lilichukua dakika nane, tukiwa tumekaa juu ya mashine iliyozimwa, gatini. Klipu ya kuzimia injini kwenye kifundo cha mkono, ili ukianguka chombo kizime chenyewe kisikuache. Mkono wa kulia mafuta, wa kushoto kurudi nyuma. Ukianguka, panda kwa nyuma, kamwe si kwa ubavu. Hayo alipita upesi. Alipofika kwenye usukani akasimama.

"Dada, ukiogopa, mkono utataka kuachia mafuta. Usiachie yote."

Akaeleza kwamba kinachogeuza jeti-ski ni yale maji yanayotupwa nyuma. Unapozungusha usukani unageuza mdomo wa maji. Ukiachia mafuta maji yanakata, na usukani unabaki kuzunguka bure, chombo kinasonga mbele kule kule kilikokuwa kinaelekea, hata kama kule ni kwenye jiwe au kwenye mtu. Kwenye gari na pikipiki hofu huondoa mguu au mkono kwenye mafuta, na ni sawa. Huku ni kinyume. Kwa hiyo akatupa ishara: akiinua ngumi na kuifunga, maana yake kaza kidogo halafu geuza. Akanifanya nirudie mara tano injini ikiwa imezimwa. Nikamkumbuka baba, aliyeendesha mashua miaka ishirini kati ya Mombasa na Lamu, akitwambia watoto kwamba chombo kisichokwenda hakishiki usukani. Kwa mashua ni upepo, kwa hii ni pampu, lakini maneno ni yale yale.

Tulitoka saa kumi na dakika ishirini na mbili jioni. Ndani ya bandari mwendo ni wa kutembea tu, na nje ya ukuta wa mawe ndipo alipotuashiria tufungue. Maji ya Ghuba ni ya chumvi kuliko yetu. Tone likiingia jichoni linachoma, na miwani ya kawaida haisaidii, kwa hiyo kodini au njooni na ile ya kubana. Kitu kingine ambacho mtu wa Mombasa atakigundua ni kwamba kupwa na kujaa kwa huku ni kidogo. Sisi bamvua, yaani maji makuu, linapita mita 3 na ufuo mzima unabaki wazi, huku mawe ya ukutani yamelowa kiasi cha urefu wa mtoto tu.

Dakika chache tukawa mbele ya Burj. Mwongozaji alituzimisha injini nje ya mstari wa maboya, akatuacha tuelee kimya, na hakutuharakisha.

Jengo hilo lilifunguliwa Desemba 1999, lina urefu wa mita 321, na kila mtu anajua kwamba limeiga umbo la tanga. Ukiwa nchi kavu unaona tanga lenyewe, kile kitambaa cheupe kilichovimba, maana kimeelekezwa ufukweni. Baharini unakuwa nyuma yake. Unaona uti: mlingoti uliosimama wima kutoka majini hadi angani, na mbavu za chuma zilizoushika pande mbili. Kwa miaka sita nilikuwa nikiangalia tanga nisijue lina mlingoti. Nilinyamaza kabisa. Watu wa pwani yetu walikuja huku kwa matanga ya kweli, kusi likiwasukuma, wamepakia boriti za mikoko ambazo hadi leo zimebeba dari za nyumba za kale za mtaa wa Al Fahidi, hapa Dubai. Mdogo wangu alitaka picha, nami nilitaka kukaa pale tu, na nafikiri mwongozaji aliona, kwa sababu alimpiga picha yeye akaniacha mimi.

Kutoka hapo tukabadilishana, mimi nikashika usukani, tukaelekea Palm Jumeirah, kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la mtende, ufuo ukiwa kushoto kwetu. Hapa bahari iko wazi na upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeamka. Karibu na ncha ya ukuta wa Palm, yoti kubwa ya ghorofa tatu ikapita mbele yetu, ikaacha mawimbi matatu nyuma yake. La kwanza tulilipanda vizuri. Juu yake nikaona la pili ni kubwa zaidi, na mkono wangu ukaachia mafuta. Nilikuwa nimerudia somo mara tano na bado uliachia. Usukani ukawa mwepesi kama umekatika, pua ikaanza kuelea kulia, na wimbi la pili likatukuta ubavuni. Mdogo wangu alinishika kiuno akanyamaza. Nikainua macho, na yule kijana alikuwa tayari ameshageuka, amesimama kwenye chombo chake, ngumi juu, anaifunga, anaifungua, anaifunga. Nikakaza. Usukani ukashika pale pale. La tatu tukalikata kwa mshazari, kama anavyolikata baba.

Alitusogelea akauliza kwanza kama tunapumua sawa, kisha kama tunataka kurudi. Hakunipokonya usukani wala hakumwambia mdogo wangu aendeshe. Alisema tu, "Umeona? Imekusikia." Nilipata nguvu kwa neno hilo kuliko ningeambiwa nimefanya vizuri.

Tukafika mbele ya Atlantis, hoteli ya rangi ya waridi iliyofunguliwa 2008, na lile tao lake katikati. Ni kubwa, ni nzuri, picha zilitoka, na sina mengi ya kuisifia kuliko wengine. Kilichonigusa ni kwamba pale ilipo palikuwa bahari tupu. Kazi ya kujaza mchanga wa Palm ilianza 2001, meli zikiuvuta kutoka sakafu ya bahari na kuurusha hewani kama mvua, na mwaka huo mimi nilikuwa darasa la kwanza. Ardhi iliyo changa kuliko mimi, na watu wanalala juu yake.

Tulifunga kamba gatini saa kumi na moja na dakika kumi. Hesabu mwenyewe: dakika 48. Saa niliyolipia ilianza kuhesabiwa tulipovaa jaketi, na hilo halikuandikwa popote. Kaunta wakajibu ndivyo wanavyofanya wote. Basi waandike. Dakika nane za somo ningezilipia hata mara mbili, lakini mteja aambiwe mapema, kama ambavyo angeambiwa mapema juu ya VAT. Na swali la kuogelea liulizwe kabla ya kadi kupita kwenye mashine, lisiachwe kwa kijana mmoja mwenye moyo. Kaunta nawapa mbili kati ya tano. Mwongozaji tano, na nilimpa bakshishi mkononi mwake mwenyewe.

Mkitaka kwenda, msianze na bei. Mwulizeni atakayewaongoza ni nani, naye ana vyombo vingapi nyuma yake. Sisi tulikuwa peke yetu naye. Kundi lililotoka baada yetu lilikuwa na jeti-ski sita na mwongozaji mmoja, na sijui angewaonaje wote kwenye yale mawimbi. Mwambieni awaeleze usukani unafanyaje mafuta yakikatwa, na asiyeweza kulieleza hilo msimfuate. Nendeni asubuhi mapema, maana upepo huamka mchana. Siku ya shamali, ule upepo mkali wa kaskazini-magharibi, wakikwambia safari imefutwa, shukuru ukapange siku nyingine. Julai na Agosti sishauri, joto lake ni la kuugua. Nusu saa inatosha kwa anayetaka Burj tu, na mtoto mdogo msimpeleke.

Usiku nilimtumia baba, aliyeko Kibokoni, Mombasa, video ya kamera ile. Nilidhani atauliza kuhusu Burj. Akaitazama mara mbili, halafu akapiga simu.

"Huyo kijana wa mbele ni mtoto wa nani?"

"Wa Uganda, baba. Wa visiwani, kule ziwani."

"Mtazame. Mnakwenda yuko kuliani kwenu, mnarudi amehamia kushoto. Safari nzima yuko upande wa joshi, upepo unakotoka, wimbi limpige yeye kwanza."

Niliifungua tena video nikaiangalia kuanzia mwanzo. Ni kweli. Hata pale tulipozima injini mbele ya Burj, mimi nikiwa nimeinua uso kwenye mlingoti, yeye amejisogeza taratibu hadi akakaa baina yetu na bahari kuu.