Mashine ya Kupasulia Magogo Iliyotumika: Je, Mota Imekufa Kweli?

Ndugu watazamaji, mashine hii iliyo mbele yangu hupasua magogo kwa nguvu ya haidroliki, na pampu yake huendeshwa na mota ya umeme wa fezi moja. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na aliyeniuzia alisema wazi kwamba mota imeungua, maana ukiiwasha inanguruma bila kuzunguka, kisha umeme unajikata.

Wengi wakisikia mngurumo huo huanza kutafuta mota mpya, na hapo ndipo fedha hupotea bure, kwa sababu mota inayonguruma bado inapata umeme. Mara nyingi inachokosa ni msukumo wa kuanzia. Hata hivyo, msiiache ingurume, kwani mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka, na koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, zinaweza kuungua kweli.

Nimechomoa plagi na kufungua kifuniko cha nyuma. Nikizungusha feni kwa mkono, shafti inazunguka, nzito kidogo kwa sababu ya pampu, lakini haikwaruzi popote. Kwa hiyo beringi hazijashika, wala pampu haijakwama.

Sasa tuitazame kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme ambacho huipa mota ule msukumo wa kuanzia, na hapa naomba umakini wenu wote. Kifaa hiki huweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo naiondoa chaji hiyo kwa kuunganisha rezista, kipande kinachozuia umeme usipite kwa kishindo, kwenye ncha zake mbili, kisha napima volti kuhakikisha hakuna kilichobaki. Ubavuni imeandikwa maikrofaradi 40, yaani kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Mita inasoma 11. Kapasita iliyochoka kiasi hiki haiwezi kuanzisha mota yenye pampu mgongoni. Ninayoiweka ina maikrofaradi zilezile 40, na volti zake si chini ya zile za awali.

Nawasha. Mmeisikia? Imeshika mwendo mara moja.

Kabla ya kuifunga, niliijaribu pia kwa waya mrefu mwembamba wa ekstensheni, nayo ikasuasua tena. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa takriban asilimia 19, na mafuta ya haidroliki yakiwa ya baridi na mazito, upungufu huo unatosha kuikwamisha. Tumieni waya mnene, na mfupi kadiri inavyowezekana.

Kwa maoni yangu mashine hii ilistahili kununuliwa. Nisingeichukua kama ningenusa harufu ya vanishi inayofunika nyaya za koili ikiwa imeungua ndani ya mota, au kama mita ingeonyesha njia ya umeme kati ya koili na bodi ya chuma, kwa sababu hitilafu hiyo haiponi kwa kapasita, na anayeigusa mashine anaweza kupigwa na umeme.