Glock 19 na CZ 75 mkononi
Nikiwa na kibali mfukoni, nilizishika bastola hizi mbili, zote tupu, katika duka moja la silaha jijini Dar es Salaam. CZ 75 ya Jamhuri ya Cheki, yenye fremu ya chuma na uzito wa kilo 1 hivi, ilijaa kiganjani kana kwamba mpini ulichongwa kwa kipimo changu, ingawa slaidi yake, yaani sehemu ya juu inayovutwa nyuma na kuteleza ndani ya fremu, ina sehemu nyembamba ya kushika, na vidole vyangu vyenye jasho la Machi viliteleza mara mbili. Glock 19 ya Austria ni nyepesi, ila pembe ya mpini wake wa plastiki huniinulia mtutu juu ya shabaha. Moyo wangu uko kwa CZ. Kiuno, kwa joto la Kariakoo, kinakataa uzito wake.