Nalipia programu ya muziki, lakini mapendekezo yake siyaamini

Kwa kutafuta wimbo ninaoujua, programu hii sina neno nayo. Nalipa kwa M-Pesa, napakua usiku kwa waifai ya nyumbani, asubuhi nasikiliza kwenye matatu, foleni ya Thika Road ikiwa ile ile, bila kula bando. Jina la kampuni naliacha. Matatizo huanza inapotaka kunichagulia.

Mimi ni mtu wa rumba na benga za zamani. Miaka ya sabini, santuri ndogo zilizotengenezwa hapa Nairobi hazikuweza kubeba wimbo mrefu, kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa mara mbili: upande wa kwanza kisa, upande wa pili magitaa yakichachamaa. Kwenye programu vipande hivyo ni nyimbo mbili tofauti. Basi ile orodha eti "yangu" huniletea sehemu ya pili peke yake. Mpiga solo ameshapandisha, waimbaji wanaitikiana, na mimi sijui ni nani aliyemwacha nani. Wimbo ukiisha, inarukia bongo fleva. Tena wimbo wa zamani huwekewa mwaka uliopakiwa mtandaoni, ndiyo maana marehemu kadhaa wananitolea nyimbo mpya.

Kwa sehemu kubwa programu hizi huangalia waliosikiliza wimbo fulani walisikiliza nini kingine, kisha hukuhesabu pamoja nao. Sasa wapenzi wengi wa benga ninaowajua wako redioni, au wana flashi iliyojazwa mjini. Hawaachi alama yoyote humo ndani. Ila mwanangu akishika simu Jumamosi moja tu, wiki nzima naletewa nyimbo za katuni.

Halafu kuna pesa. Spotify, moja ya programu hizi, iliyoingia Kenya Februari 2021, ilikuwa imetangaza Novemba 2020 mpango uitwao Discovery Mode: msanii au kampuni yake inakubali malipo pungufu, na wimbo unapewa nafasi zaidi ya kupendekezwa. Mpango wenyewe haukufanywa siri. Ninachotaka ni alama kwenye wimbo husika, kama gazeti linavyoandika "tangazo" juu ya tangazo. Nikiambiwa wimbo umechaguliwa kwa ajili yangu, nina haki ya kujua kama kuna aliyekatwa malipo ili unifikie.

Yuko mzee anayeuza muziki River Road. Ukimwambia unataka benga, kwanza anakuuliza: "Ya Kijaluo, ya Kikamba au ya Kikuyu?" Ukishajibu, anakupigia kidogo, anakutazama usoni, na ukikunja uso anabadilisha. Nimepata kwake bendi ambazo programu haijawahi kunitajia, ingawa nyingine zimo humo humo, ukizitafuta kwa jina.

Kwa hiyo nimezima ule mtindo wa nyimbo kujiendeleza zenyewe. Natafuta bendi, nafungua albamu, napanga sehemu ya kwanza na ya pili kwa mkono wangu. Simu ikienda kwa mtoto, nawasha usikilizaji wa faragha. Kazi kidogo, lakini afadhali.

Mwezi ujao nitalipa tena, kwa sababu ya kupakua. Nyota tatu. Wakianza kuonyesha ni wimbo gani umesukumwa kwa makubaliano ya pesa, nitarudi kuongeza ya nne. Ya tano wataipata wakiunganisha zile sehemu mbili.