Tangawizi Mbichi au ya Unga? Kazi Yake Tumboni Ambayo Wengi Hawaijui

Karibuni tena, ndugu watazamaji! Mezani leo kuna tangawizi mbichi, ile inayolimwa sana kwenye milima ya Same kule Kilimanjaro, na pembeni yake pakiti ya unga. Mambo ya mafua na kikohozi nayaruka, kila nyumba inayajua. Leo nataka tumbo.

Jamani, tunakula pilau mpaka tumbo linakuwa zito, ndipo tunakimbilia tangawizi. Tumeshachelewa! Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan waliwapa watu 24 wenye afya vidonge vya tangawizi, gramu 1.2, wakasubiri saa nzima, kisha wakawanywesha supu. Nusu ya supu ilitoka tumboni ndani ya dakika 13 hivi. Siku waliyopewa vidonge visivyo na dawa, karibu dakika 27. Mara mbili! Tangawizi huifanya misuli ya tumbo ibane zaidi na kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Kwa wagonjwa wa kuvimbiwa, mwaka 2011, tofauti ilikuwa ndogo, dakika 12 kwa 16, lakini ilikuwapo. Kwa hiyo inywe kabla ya kula.

Sogeeni muone kipimo. Tangawizi mbichi karibu asilimia 80 ni maji, basi gramu 1.2 za unga ni kama gramu 6 za mbichi: kipande cha pingili moja ya kidole gumba. Ganda likwangue kwa ukingo wa kijiko, kisu kinaondoka na nyama yake. Ponda kwenye kinu. Ukikata vipande vinene, ukali unabaki ndani. Tia maji kikombe kimoja na nusu, funika, chemsha dakika 10 kwa moto mdogo. Kifuniko ni lazima, harufu ile ni mafuta yanayopanda na mvuke. Na machicha usiyatupe yote, maana ukali wake hauyeyuki vizuri kwenye maji. Tafuna kidogo.

Sasa wapenzi wa chai ya maziwa, hapa ndipo lawama nyingi zinapotoka: “Maziwa yamekatika, muuza maziwa kaniibia!” Hapana. Tazameni sufuria hii: maziwa ya vuguvugu, tangawizi mbichi iliyopondwa. Yanaganda, mmeona? Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, ndiyo maana hata nyama ngumu hulainika ikipakwa. Kinafanya kazi sana kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kikichemka kinakufa. Sufuria ya pili: tangawizi na maji vimechemka kwanza, maziwa yameingia baadaye. Safi kabisa.

Huu unga nilipanga kuukosoa leo, lakini haki yake niiseme. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli, yaani kile kinachoipa tangawizi mbichi ukali, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Na kipimo chake ni rahisi: nusu kijiko cha chai ni kama gramu moja. Kwa maumivu ya hedhi naupendelea huu! Utafiti wa Iran wa 2009 ulitumia miligramu 250 mara nne kwa siku, siku tatu tangu hedhi ianze, na nafuu ikalingana na ya ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu. Ila kopo likikaa wazi karibu na jiko, harufu inakwisha. Nusa kabla ya kununua.

Vile vipakiti vya chai ya tangawizi vyenye sukari? Soma orodha nyuma. Sukari ikitajwa kwanza, umenunua sukari. Tangawizi mbichi hukaa shambani miezi 8 hadi 10, ndiyo maana msimu ukiisha bei inaruka. Ikiwa rahisi, nunua nyingi, kausha vipande vyembamba, saga mwenyewe.

Tafadhali sana: anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye nyongo, na anayesubiri upasuaji, aongee na daktari kwanza. Mjamzito mwenye kichefuchefu, gramu moja kwa siku, igawanywe, na kliniki wajue. Kiungulia kikizidi, punguza.

Kipindi kijacho ni mdalasini, jinsi ya kuutambua ule halisi kwa kuutazama gome tu. Bonyeza kengele, na andika hapo chini: chai yako unatia maziwa lini?