Mpini wa Mita Sita wa Kuoshea Vioo: Tathmini Baada ya Miaka Miwili ya Kazi

Mpini ninaoutathmini hapa ni wa alumini, wenye vipande vitatu vinavyoingiana, unaokaribia mita sita ukivutwa wote na unaofungwa kwa kusokota shingo ya plastiki iliyopo katika kila kiungio. Nimeutumia miaka miwili kuosha vioo vya nyumba na ofisi za ghorofa jijini Dar es Salaam, hasa Masaki na Msasani, ambako upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kioo hata kabla wiki haijaisha. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu mipini ya namna hii hutengenezwa na wengi kwa muundo unaokaribiana, na ninayoyasema yanahusu muundo huo.

Kabla yake nilikuwa na mpini wa kupakia rangi, nilioununua kwa bei nafuu nikidhani kwamba fimbo ni fimbo. Ncha yake ilikuwa na hesi, yaani mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Kwa rola ya rangi hesi haina tabu, lakini kifutio cha vioo, yaani ule mkono wenye umbo la T unaoshika ulimi wa mpira, huvutwa huku ukikipinda kidogo kushoto na kulia ili kifuate fremu, na kila upindapo upande mmoja hesi hulegea kidogo bila wewe kuhisi chochote huku chini. Siku moja kichwa kilijifungua kikiwa juu kabisa, kikaanguka hatua mbili tu kutoka kwenye gari la mwenye nyumba. Mpini wa sasa una koni: kichwa huchomekwa, kitufe chenye springi huingia kwenye tundu lake, na hakitoki mpaka ukibonyeze. Kwa sifa hiyo peke yake nauona umestahili bei yake. Koni hata hivyo hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo anayekwenda dukani achukue kifutio chake mkononi akajaribu kuchomeka papo hapo, asitosheke na neno la muuzaji.

Kuhusu urefu nina manung'uniko. Vipande vyote vitatu vikiwa nje, ncha huyumba kiasi cha upana wa kiganja, ulimi wa mpira hupoteza mgandamizo katikati ya safari, na kioo hubaki na mstari mwembamba wa maji ambao mteja atauona jua likiupiga. Kwa vipande viwili, yaani karibu mita nne, mpini hukaa imara na kazi hutoka safi. Anayeuvuta aanze na kile kinene, kile chembamba akiache cha mwisho. Mimi hukitoa hicho chembamba ninapoondoa utando wa buibui chini ya paa tu, kazi isiyodai unyoofu wa mkono.

Mahali pa kusimama ni nusu ya kazi. Ukisogea karibu mno na ukuta, mpini hulala sambamba na kioo, chuma cha kifutio hugusa kabla ya mpira, na maji hayakatwi bali huburutwa. Kiungio cha kurekebisha pembe, ambacho huuzwa peke yake, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Baada ya hapo ni kushusha moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kila mpito ukipanda juu ya ule uliotangulia kwa vidole vitatu hivi. Zile mbwembwe za kuzungusha kifutio kama nyoka ziachwe kwa kioo kinachofikiwa kwa mkono. Kitambaa cha kuloweshea nacho kikamuliwe vizuri, la sivyo ukingo wa juu utadondosha matone wewe ukiwa umeshahamia dirisha la pili.

Adui mkubwa wa mpini huu ni mchanga. Mwezi wa tatu shingo ya kati ilianza kuteleza, mpini ukawa unajifupisha wenyewe katikati ya kazi, nami nikafanya kosa la kupaka mafuta, yaliyokusanya mchanga zaidi. Dawa yake ilikuwa kuutenganisha, kuusuuza kwa maji ya bomba na kuukausha kwa kitambaa. Alumini pia huacha weusi viganjani, kwa hiyo huvaa glavu. Na kwa kuwa inapitisha umeme, kama inavyopitisha kaboni ya mipini ya ghali, dirisha lililo jirani na nyaya silikubali kwa malipo yoyote.

Juu ya ghorofa ya pili huu si mpini wake. Huko hutakiwa ule wa nyuzi za kaboni wenye brashi na bomba la maji yaliyoondolewa madini, ambayo hukauka bila kuacha doa na hayahitaji kifutio. Ni mwepesi na hauyumbi sana, ila ni ghali, na maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi inayomaliza vichujio upesi.

Alama zangu ni saba kwa kumi. Nikinunua tena nitachukua koni ileile na shingo zilezile, lakini wa vipande viwili, na fedha itakayobaki itanunua kile kiungio cha pembe na ndimi za mpira za akiba.