Gemu za Kuchanganya Moto, Maji na Radi: Ununue Ipi Kama Umeme wa Kwenu ni wa Kubahatisha

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, nilikuwa na radi kwenye upanga, maji kwenye miguu, na bosi wa mwisho kabakiwa na damu ya kijiko cha chai. Dakika arobaini na tano za kuchagua hiki, kukataa kile, kubana hela ya dukani. Umeme ukakatika Chumbageni nzima, hapa Tanga.

Laptop yangu betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Kioo kikawa cheusi hapo hapo. Ulipowaka tena saa nne kasoro nikafungua gemu, nikakuta nipo mwanzo. Mwanzo wa mlangoni, na kifimbo kisicho hata na cheche. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amelala kwenye mkeka ananitazama, akasema, "Shangazi, si ucheze mpira tu kama watu?"

Gemu yenyewe siitaji jina. Niliinunua mwenyewe kwa hela yangu, hakuna aliyenishika mkono. Ila usiku ule ndio ulionifanya niandike haya, maana kila mwezi napata ujumbe wa namna moja: "Dada, nimeona zile gemu za kuunganisha moto na barafu, ninunue ipi?"

Kwa wageni: hizi ni gemu za mapigano ambamo ukifa unarudi mwanzo, unabaki na kitu kidogo tu mkononi cha kukusaidia safari ijayo. Kila safari unaokota nguvu mpya (moto, radi, barafu, sumu, upepo) na utamu wote uko kwenye kuzichanganya. Wenyewe wanaziita rogulaiti. Sitazungumzia picha, muziki wala hadithi. Hayo kila mtu anayaandika, na ukitazama video ya dakika mbili utajionea.

Mimi nina swali moja, na sijaona anayeliuliza: umeme ukikatika ukiwa katikati ya safari, gemu inakurudisha wapi?

Mnaona ni swali dogo. Wanaoandika miongozo hii wanakaa miji ambayo umeme ukikatika ni habari ya gazetini. Kwenye gemu ya mpira ukipoteza mechi moja umepoteza dakika kumi. Huku unapoteza mchanganyiko, na mchanganyiko haujirudii. Nguvu zinakuja kwa bahati. Ni sawa na kuungua kwa pilau ambayo viungo vyake vililetwa na mgeni aliyekwishaondoka. Hutaipika tena ile.

Na msiniandikie "nunua UPS", lile betri la akiba la kompyuta. Nimeuliza bei, nikarudi nyumbani kwa mguu.

Sasa tupange.

Ya kwanza ni Hades, ile ya kwanza, ya mwaka 2020. Mimi ni shabiki wa Supergiant Games, walioitengeneza, na sijifichi. Nimewapenda tangu Bastion ya 2011, na wakitoa gemu ya kufua nguo nitainunua. Lakini hapa wanashinda kwa haki. Hades inajihifadhi yenyewe kila unapoingia chumba kipya. Umeme ukienda, ukirudi unaanzia mwanzo wa chumba ulichokuwemo, na baraka zako zote (ndivyo wanavyoziita nguvu humo) mwilini. Unapoteza dakika moja au mbili. Sijui kwa nini hawaandiki jambo hili kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Na mchanganyiko wake ndio uliopangwa vizuri kuliko wote. Unacheza Zagreus, mtoto wa mungu wa kuzimu, anayetoroka nyumbani, na jamaa zake kutoka Olympus wanamtumia baraka. Zeus anatoa radi, Poseidon mawimbi, Demeter baridi, Aphrodite udhaifu, na kadhalika. Ukishachukua baraka za msingi kwa miungu wawili wanaoelewana, inaweza kutokea baraka ya wawili kwa pamoja. Ya Zeus na Poseidon inaitwa Sea Storm: kila unapomsukuma adui kwa wimbi, radi inamshukia. Ya Zeus na Demeter ni Cold Fusion, na hapo wengi wanaharibu. Zeus ana baraka inayomtia adui chaji, hata akishambulia inamgeuka mwenyewe. Kwa kawaida akishashambulia mara moja chaji inaisha. Baridi ya Demeter inaifanya isiishe. Sasa, ukiichukua Cold Fusion huna ile baraka ya chaji, umenunua kifuniko bila sufuria.

Wanaoanza wana kosa moja, wanataka kuonja kila mungu. Usifanye hivyo. Kwa kawaida safari moja inakupa miungu wanne wakubwa tu, ukimwacha Hermes na Chaos, kwa hiyo wawili wa mwanzo ndio watakaoamua safari yako. Usiwaachie bahati wakuchagulie. Ukimpa mungu nekta anakupa kumbukumbu yake. Ukivaa pete ya Zeus, baraka inayofuata itakuwa ya Zeus, na ukivaa kombe la baharini la Poseidon itakuwa ya Poseidon. Baadaye utaweza kubadilisha kumbukumbu kila unapovuka eneo. Anza na pete, ukifika Asphodel, eneo la pili, vaa kombe, na nusu ya kazi umeimaliza.

Halafu tazama silaha. Radi ya Zeus inatoa maumivu yake yenyewe kila unapogusa, haijali kama pigo lako ni zito au jepesi. Kwa hiyo iweke kwenye silaha ya haraka, kama zile ngumi za Malphon. Ukiiweka kwenye pigo zito la polepole umemwagia mchuzi chini. Baraka za asilimia ndizo zinazotaka pigo zito, kwa sababu asilimia ya kubwa ni kubwa.

Na kuna kile kioo chumbani kwa Zagreus, Mirror of Night. Kina chaguo linaloitwa Privileged Status: adui mwenye laana mbili tofauti kwa pamoja anaumia zaidi, hadi asilimia 40. Ndiyo maana baridi ya Demeter na udhaifu wa Aphrodite vinakwenda pamoja hata bila baraka ya wawili. Baridi inampunguzia kasi asilimia 4 kila tabaka, hadi matabaka kumi. Udhaifu unampunguzia makali. Na wewe unampiga kwa nyongeza. Watu wanakimbilia radi kwa sababu inang'aa. Mimi safari zangu nyingi za kufika juu nimezimaliza kwa baridi, taratibu, kama mtu anayekula muwa.

Ndani ya gemu kuna kitabu pia. Ukishalipia faharasa yake kwa fundi wa nyumbani, kinakuonyesha kila baraka na masharti ya kuipata. Gemu nyingine zinakuachia ukatafute mtandaoni, bando lako liishe.

Bei ni dola 24.99, zaidi ya elfu sitini. Usilipe bei hiyo. Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wana punguzo la katikati ya mwaka na la Desemba, na Hades hushuka nusu au zaidi. Subiri. Kwenye simu za Android haipo, na anayekuuzia faili ya Hades ya Android anakuuzia virusi au picha ya Zagreus.

Ya pili ni Hades II, iliyokamilika Septemba 2025 baada ya kuuzwa ikiwa bado inatengenezwa tangu Mei 2024. Inajihifadhi kama dada yake. Unacheza Melinoë, dada yake Zagreus, na hapa kuchanganya kumepewa hesabu: baraka zina asili, yaani moto, maji, ardhi, hewa au aetha, na kuna baraka maalumu zisizofanya kazi mpaka uwe umekusanya idadi fulani ya asili fulani. Kwa hiyo wakati mwingine unachukua baraka dhaifu kwa sababu tu ni ya maji na wewe umebakiza maji moja. Hestia ameingia na moto wake unaomla adui polepole, na akikutana na Poseidon wanatoa mvuke. Mama yeyote aliyewahi kufunua sufuria bila kitambaa anaelewa.

Mbona basi ni ya pili? Dola 29.99, na mambo ya kusoma ni mengi mno kwa mgeni. Anza na ya kwanza. Mtu haanzi kusoma juzuu la pili.

Ya tatu ni Dead Cells ya Motion Twin, Wafaransa wa Bordeaux, ambao kampuni yao ni ushirika wa wafanyakazi na wanalipana sawa. Hilo pekee lilinifanya nifungue pochi. Ilikamilika Agosti 2018. Mchanganyiko wake ni wa mikono zaidi: rusha guruneti ya mafuta kwanza, halafu moto, na moto unakuwa mkali kuliko ulivyozoea. Silaha zake zinakuja na vionjo vya bahati, kama "maumivu zaidi kwa adui anayeungua" au "anayetokwa na damu". Kwa hiyo siri ni silaha ya kwanza imwashe adui na ya pili immalize akiwa anaungua. Kuna rangi tatu pia, nyekundu, zambarau na kijani. Chagua moja uimwagie kila karatasi ya kuongeza nguvu unayookota.

Ukitoka mwenyewe kwa utaratibu inakumbuka ulipo. Ila sababu yangu ya kuipa nafasi ya tatu ni kwamba ipo kwenye simu, ya Android tangu 2021, na simu haijali kama mtaa una umeme. Kucheza kwa vidole kwenye kioo ni adhabu. Tafuta pedi ya bluetooth.

Noita naiweka ya nne na naiweka kwa majonzi. Kwa uchanganyaji wenyewe ndiyo baba yao. Imetengenezwa Finland, na kila chembe kwenye kioo ni kitu: mafuta yanashika moto, maji yanazima, umeme unapita kwenye maji hadi unakokukuta wewe umesimama. Unatengeneza fimbo zako mwenyewe kwa kupanga uchawi kwa zamu. Mara kumi niliyokufa, nane nilijiua mwenyewe. Lakini inahifadhi pale unapochagua kuhifadhi na kutoka. Umeme haukuagi. Kama laptop yako ina betri nzima, ipandishe hadi ya pili, wala sitakugombeza. Dola 19.99, kompyuta tu.

Wizard of Legend ya 2018 ina moto, hewa, ardhi, radi na maji, ina uchawi zaidi ya mia moja, na mnaweza kucheza wawili sebuleni. Raundi yake imetengenezwa imalizwe kwa kikao kimoja. Tayari mnajua nitasema nini.

Ya bei rahisi: Vampire Survivors, dola 4.99, na kwenye simu ni bure. Fimbo ya moto ukiipandisha hadi ngazi ya 8 ukiwa na mchicha, inageuka moto wa jehanamu. Ndiyo, mchicha. Imetosha.

Sasa niseme la moyoni. Gemu hizi si ghali kama mnavyodhani, zinafanywa ghali. Huna kadi ya kulipia mtandaoni? Unakwenda kwa mtu mwenye kadi, anakukata elfu kumi kwa kazi ya dakika tano, na anakuambia dola imepanda. Dola kwake inapanda tu, haijawahi kushuka tangu nimjue. Siku hizi nalipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, na anayeniuliza namfundisha bure, akapunguze wateja wa yule.

Wabaya zaidi ni wauza akaunti. Kabla sijaipata Hades kihalali nilinunua kwa kijana mmoja wa Ngamiani, sitasema barabara ya ngapi, akaunti "yenye gemu sitini" kwa elfu ishirini na tano. Siku mbili za raha. Siku ya tatu nafungua, nakuta mtu kacheza kwenye faili yangu, kamaliza nekta zangu zote, na kamgawia Dusa, yule mjakazi wa humo kwenye gemu. Akaunti ileile kaiuza kwa watu sijui wangapi. Tukawa tunapishana humo kama wapangaji wa choo kimoja. Wiki haikuisha, neno la siri likabadilishwa.

Nilimwandikia. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, sauti ya kubembeleza kabisa: "Mamangu, hiyo ni seva ya Marekani, mimi nina mkono gani kule?"

Sijamblock. Nataka niwe naona. Jana kaweka status: "Hades full, 15,000, nafasi mbili zimebaki."