Bao la Kiswahili ndani ya miwani pepe: nilivyolipima hapa Tanga

Programu hii ya bao, inayochezwa ndani ya miwani ya uhalisia pepe (VR), nimeitumia kufundishia vijana wa Ngamiani, miwani moja kwa zamu. Kinachostahili sifa kwanza ni upangaji. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane, na kete anazipanga mwenyewe: sita nyumbani, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, kisha mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia. Zinazobaki, 22, ziko ghalani, yaani akiba ambayo bado haijaingia mashimoni. Ukikosea hata moja mchezo hauanzi, na ndivyo inavyotakiwa.

Kunamua, yaani awamu ya kwanza ya kutia kete za ghalani moja moja, nako kumeshikwa vizuri. Ukitia kete kwenye shimo lenye kete, na la mpinzani linalotazamana nalo si tupu, unakula, kukwepa hakuna. Ulizokula zinasambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho pembeni mwa safu ya mbele, na aliyekula kwenye kimbi cha kushoto (shimo la pembeni au la jirani yake) haruhusiwi kuanzia kulia. Programu inasimamia hayo bila upendeleo, kuliko baadhi ya wazee wetu.

Ubovu uko nyumbani. Katika zamu ya kula wakati wa namua, kete ya mwisho ikiangukia nyumba ambayo haijavunjwa na mkabala hakuna cha kula, mchezaji ana hiari: alale, yaani zamu yake iishie hapo, au asafiri, yaani azitoe kete za nyumba na kuendelea kusambaza. Hapa programu inasafiri yenyewe! Mwanagenzi anaona nyumba yake inamwagwa na hajaamua lolote, ilhali kujua lini uilimbikize na lini uivunje ndiyo nusu ya ufundi wa bao. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio, zima usambazaji wa moja kwa moja, usambaze kwa vidole. Mchezo unakuwa wa kobe, lakini hiari inarudi.

Ukishazima, jihadhari na kete kupotea. Kamera za miwani zinafuata vidole. Ukigeuza kiganja vikajificha, kete inaponyoka chini ya ubao. Kabla ya kuingia mtaji, yaani awamu ya pili ghala likiisha, hesabuni zote, zitimie 64. Kwenye mtaji wenyewe, shimo lenye kete zaidi ya 15 halianzishi kula, maana 16 ni mzunguko mzima wa mashimo yako. Programu inakataa kimyakimya, na kijana anadhani imeganda.

Kwa joto letu vioo hujaa ukungu. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, wala usitumie spiriti. Na usiiache barazani vioo vikitazama jua: vinakusanya mwanga na kuunguza skrini ndani, doa lisilotoka.

Malalamiko yangu ya mwisho ni madogo, ila yanakera. Kete zimepakwa kijivu cha komwe, vizuri sana, lakini mlio ni wa vifuniko vya soda. Na uzito haupo, kwa hiyo kiganja hakijifunzi kukisia zipo ngapi kabla jicho halijahesabu.